Anayetangulia Mbele ya Mkuu wa Chuo

Maneno haya niliyasema siku ya mafunzo ya kamati ya mahafali. Baadhi ya wenzetu walikuwa safarini, wengine wamefungwa na usahihishaji wa mitihani, wakaniomba niyaandike wayasome. Nimeyaacha kama nilivyoyatamka.

Ndugu Mwenyekiti wa kamati, wenzangu wa ofisi ya Msajili, vijana mliochaguliwa mwaka huu kuongoza maandamano ya kitaaluma, na wewe binti uliyekabidhiwa siwa, ile fimbo ya heshima inayomtangulia Mkuu wa Chuo: assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, habari za asubuhi.

Nianze na kabati lililofungwa.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mfanyakazi kijana katika chuo ambacho sitakitaja, tulikuwa tumejipanga nje ya ukumbi saa tatu kasoro robo asubuhi. Bendi ya polisi imeshakaa. Wahitimu watarajiwa wameketi. Wazazi wamejaa mpaka chini ya miembe, na khanga zao, na mashada yao ya maua. Maprofesa wako kwenye mstari, jasho linawatiririka ndani ya majoho. Mkuu wa Chuo ameshavaa, anasubiri ishara. Ndipo mtu mmoja akauliza kwa sauti ya chini: "Siwa iko wapi?"

Siwa ilikuwa kabatini. Ofisi imefungwa. Mwenye ufunguo yuko kwenye foleni ya magari Ubungo.

Mkubwa mmoja akasema, "Twendeni tu. Si fimbo tu ile? Nani atagundua?" Mkuu wa Chuo, mzee mpole asiyependa makuu, akatikisa kichwa. Akasema: "Bila siwa, mimi nikiingia mle ni mgeni aliyevaa joho. Siwezi kumtunuku mtu kitu." Basi tukasimama juani dakika 40. Wazazi wakaanza kunung'unika. Bendi ikamaliza nyimbo zake ikaanza upya. Ufunguo ukafika, siwa ikatoka, tukaingia.

Siku ile nilimwona mzee yule kuwa mtu mgumu. Je, alikuwa mgumu? Nimebeba swali hilo miaka yote hii, na nimelitafutia jibu vitabuni na katika kazi. Leo nasema alikuwa sahihi. Nimekuja kuwaeleza kwa nini, kwa sababu wiki mbili zijazo ninyi ndio mtakaokuwa nje ya ukumbi, na mtu atawaambia, "Twendeni tu."

Hebu tuitazame siwa yenyewe. Mnaiona hapa mezani, imelala kwenye kitambaa chake. Umbo hili lilitoka wapi?

Lilitoka vitani. Huko Ulaya ya kale lilikuwa rungu: mpini imara na kichwa cha chuma cha kupasulia kofia za chuma za adui. Walinzi wa wafalme walilishika wakiwa karibu na bwana wao, tayari kupiga. Miaka ikaenda, rungu likaacha kupiga likabaki kuonyesha. Likavikwa fedha, likachorwa, kichwa chake kikawekwa taji na sanamu ndogondogo. Vyuo vikuu vya mwanzo, kama Bologna, Paris na Oxford, vilikuwa na mtumishi aliyeitwa bideli. Bideli ndiye aliyetangaza mihadhara na sikukuu, akasimamia utaratibu, na siku za shughuli akamtangulia mkuu wa chuo akiwa na fimbo mkononi. Cambridge mpaka leo wana mabideli wao, na siwa wanazobeba zilitolewa na Duke wa Buckingham mwaka 1626 alipofanywa Mkuu wa Chuo kile.

Lakini iliyonikaa moyoni zaidi iko Uskoti, katika Chuo Kikuu cha St Andrews, kilichoanza mwaka 1413. Wana siwa tatu za karne ya 15. Moja ilitengenezwa Paris na sonara Jean Mayelle mwaka 1461, kwa agizo la Askofu James Kennedy, kwa ajili ya chuo kishiriki alichokiasisi ndani ya chuo kile. Fikirini: mwaka 1461! Vasco da Gama alikuwa bado miaka 37 kutia nanga Malindi. Askofu yule hayupo. Sonara hayupo. Wakuu wa chuo wangapi wamepita baada yao? Siwa ipo.

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa mzee wangu. Mkuu wa Chuo huja na huondoka. Makamu huja na huondoka. Kinachobaki ni Hati Idhini, ile hati inayokipa chuo haki ya kutunuku shahada, na siwa ndiyo Hati Idhini inayotembea. Ndiyo maana inatangulia. Angalieni mpangilio wetu. Wadogo kwa cheo wanaingia kwanza, wakubwa wanafuata, na mkubwa kuliko wote anaingia mwisho. Kila mtu anatanguliwa na mdogo wake. Lakini Mkuu wa Chuo, pamoja na ukubwa wake, anatanguliwa na nini? Na kipande cha mti na shaba, kilichoshikwa na binti wa miaka 26. Anakifuata. Hakitangulii. Haruhusiwi kukitangulia.

Sasa kuna jambo ambalo huwa linanipa shida nikisikia watu wanalisema. Wanasema, "Haya yote ni mambo ya Wazungu, tunaigiza tu." Sitaki kulipuuza, kwa sababu lina kweli yake. Makerere ilipofanywa chuo kikuu kishiriki mwaka 1949, wanafunzi wake walisomea shahada za Chuo Kikuu cha London. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria, nacho kilikuwa chini ya London. Majoho, siwa, mistari, vyote vilikuja na meli ile ile. Hilo ni kweli.

Lakini nawauliza: kwa nini tunaiita siwa?

Hatukuiita rungu, ingawa rungu ndilo umbo lake. Tumechukua neno la pwani. Siwa ni pembe. Pembe kubwa ya kupulizwa kwa ubavuni, tena si pembe ya kila mtu. Nendeni makumbusho ya Lamu mkaone mbili zilizo mashuhuri kuliko zote: siwa ya Lamu, ya shaba, na siwa ya Pate, ya pembe za ndovu, urefu wake zaidi ya mita 2, imechongwa nakshi ambazo mtu ukizitazama unasahau muda. Siwa ilipulizwa katika harusi na tohara za waungwana na katika shughuli za utawala. Si kwamba mwenye pumzi ndiye aliyepuliza. Ilihitaji ruhusa. Ikilia, mji mzima unajua kwamba linalofanyika linafanyika kwa haki, mbele ya watu. Hata Unguja, Mwinyi Mkuu, yule mwenye kasri la Dunga, alama za utawala wake zilikuwa ngoma na siwa.

Masimulizi ya Pate yana kisa cha Mwana Darini. Mama huyu alikuwa wa nyumba ya wakubwa, na mumewe aliuawa katika ugomvi wa utawala. Mwanawe akafika umri wa kutahiriwa. Sultani naye alikuwa anaandaa shughuli kama hiyo nyumbani kwake, na siwa ya mji ikawa haipatikani kwa Mwana Darini. Mwaelewa maana yake? Mtoto angetahiriwa kimyakimya, kama asiye na ukoo. Je, mama alikubali? Hakukubali. Alimwita fundi, sharifu mwenye asili ya Barawa aitwaye Mwenyi Bayayi, akamwagiza achonge siwa mpya, ya pembe za ndovu. Inasemekana ndiyo ile ya Pate tunayoiona leo.

Mimi nikisimulia kisa hiki huwa namfikiria yule mama kuliko fundi. Alikuwa na nyumba, alikuwa na mali, wageni wangekuja, chakula kingepikwa. Angeweza kusema, "Twendeni tu." Hakusema. Alijua kwamba bila sauti ile, mji haujashuhudia.

Neno likahama basi, kutoka pembe hadi rungu. Bungeni Dodoma mpambe anapoingia na kile alichobeba begani, tunasema ameingia na siwa. Aliyelichagua neno hilo, awe nani, alisikia jambo kubwa: kwamba rungu la Ulaya lilikuwa linasema "nina nguvu ya kukupiga," na siwa ya pwani inasema "watu wote wasikie." Na chuo kikuu, ndugu zangu, hakina haja ya kumpiga mtu. Kina haja ya kusikika. Ndiyo maana kila mwaka nimekuwa nikiomba, na leo naomba tena mbele ya Mwenyekiti: siku moja, kabla siwa hii ya mpingo haijavuka mlango, pembe ilie. Vyuo kadhaa vya Afrika Kusini vina imbongi, manju wa sifa, anayetangulia maandamano akighani, na hakuna anayesema wameharibu taaluma. Sisi tuna wapuliza pembe, tuna wapiga zumari. Tumewaacha nje kwa nini?

Nimekaa sana kwenye siwa. Niende kwenye joho.

Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi cherehani Unguja. Alishona makanzu, alidarizi kofia, na mara chache, akipata mteja mwenye uwezo, alishona joho. Joho la kweli: zito, refu, wazi mbele, kingo zake zimetiwa kasabu. Lilivaliwa juu ya kanzu na watu wa heshima, na bwana harusi alilivaa siku yake hata kama kesho yake anarudi kuuza samaki. Nilipohitimu mimi, babu alikuja. Baada ya shughuli hakunipa mkono kwanza. Alishika mkono wa joho langu, akaligeuza ndani, akatazama mshono. Akaniuliza, "Ni lako?" Nikamwambia ni la kukodi, linarudishwa kesho saa sita. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi mvaaji atunze, maana kesho litamvika mwingine."

Nimekuja kuelewa kwamba hiyo ndiyo maana ya joho. Ukilivaa huwi wewe peke yako. Linafunika shati la bei mbaya na shati la mtumba kwa usawa. Mtoto wa waziri na mtoto wa mama ntilie wakikaa safu moja, huwezi kuwatofautisha mpaka utazame viatu. Asili ya vazi lile huko Ulaya haikuwa anasa. Wasomi wa kale walikuwa watu wa kanisa, na kumbi zao za mawe zilikuwa na baridi. Kile kitambaa cha rangi kinachoshuka mgongoni, hudi, kilikuwa kofia ya kujifunika kichwa. Baridi tumeiacha huko huko, na joto la Dar es Salaam mnalijua. Kilichobaki ni lugha ya rangi: hudi inasema mtu kahitimu nini na wapi. Wamarekani waliketi mwaka 1895 wakakubaliana kanuni moja kwa vyuo vyao, zambarau kwa sheria, kijani kwa udaktari, manjano ya dhahabu kwa sayansi. Kwetu kila chuo kina kanuni yake, kwa hiyo someni yetu, ipo kwenye makabrasha mliyopewa. Na ile desturi ya kuhamisha kishada cha kofia kutoka kulia kwenda kushoto ni ya Marekani. Kijana akiifanya kwa furaha zake msimgombeze, lakini si sehemu ya utaratibu wetu.

Kofia nazo zina habari. Mwalimu Nyerere alipata shahada yake ya M.A. katika Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952. Pale, mhitimu anayefika jukwaani huguswa kichwani na kofia kuukuu, na mguso ule ndio kuhitimu kwenyewe. Wenyeji wana masimulizi kwamba imeshonwa kwa kitambaa cha suruali ya John Knox, mhubiri wao wa karne ya 16. Kama ni kweli au si kweli, wao hawajali sana. Wanachojali ni kwamba kofia ni moja, na vichwa vyote vinapita chini yake. Mwaka 2006 mwanaanga Piers Sellers, aliyesoma hapo, alichukua kitambaa chenye nembo ya chuo akaenda nacho angani, na aliporudi kikashonewa ndani ya kofia ile. Sasa mtoto wa mkulima akiguswa, anaguswa na kitu kilichotoka nje ya dunia. Mnaona wanavyokitunza kitu chao? Hawakukitupa kwa sababu kimechakaa. Wamekiongezea.

Na Finland, ambako Kiswahili kinafundishwa Helsinki miaka mingi, daktari wa falsafa hupewa kofia na upanga. Upanga kabisa! Usiku wa kuamkia sherehe wanaunoa kwenye jiwe. Upanga wa kutetea ukweli, ndivyo wanavyosema.

Sasa nifike kwa watu, maana siwa haijitembezi na joho halijipigi pasi.

Vijana, ninyi mnaoongoza maandamano, msidhani mmepewa kazi ya kuonyesha watu viti. Sikilizeni habari ya maprokta wa Oxford, wasimamizi wa nidhamu wa chuo kile. Katika sherehe yao, wahitimu wanapotajwa, maprokta wawili huondoka mahali pao wakatembea ukumbini kwenda na kurudi. Wanatembea tu, hawasemi kitu. Mgeni anaweza kudhani ni mapambo. Lakini kwa desturi ya zamani, mfanyabiashara wa mjini anayemdai mwanafunzi angeweza kumvuta prokta joho anapopita, na hapo shahada inasimama mpaka deni lisemwe. Matembezi yale yalikuwa swali: kuna mtu yeyote humu mwenye pingamizi? Mshona nguo, muuza mvinyo, mwenye nyumba, kila mmoja alikuwa na haki ya kuvuta joho. Sisi leo swali hilo tunalimaliza kwa fomu, maktaba, bweni, uhasibu, mihuri saba. Ni sawa, inabidi. Lakini matembezi yana kitu ambacho muhuri hauna. Yanasema shahada haitolewi gizani.

Harvard, kule Marekani, wao hufunguliwa sherehe na mkuu wa polisi wa wilaya yao ya Middlesex. Anapiga chini, anatangaza kwamba kikao kiwe na utulivu, ndipo mambo yanaanza. Zamani mahafali yale yalikuwa na fujo kweli, watu walikunywa na kupigana, akahitajika. Fujo zimeisha, yeye amebaki. Na Cambridge kuna jambo dogo ambalo mimi nalipenda kuliko yote: msomi anayewawasilisha wahitimu hunyoosha mkono wa kulia, na wahitimu wanne wanashika kila mmoja kidole kimoja. Wanapelekwa hivyo mbele, kama watoto wanaovushwa barabara. Wamesoma miaka mitatu na zaidi, lakini wanafika kwa kushikwa mkono. Nani kati yetu alifika kwa njia nyingine?

Sasa nataka kusema na msoma majina. Uko wapi? Ndiyo, wewe.

Kazi yako ni nzito kuliko ya aliyebeba siwa, na nisamehewe na aliyebeba siwa. Nitawaeleza nilichokishuhudia. Ilikuwa chuo kingine, si hapa. Mzee mmoja alikuja kutoka Mafia, mvuvi, alivuka bahari kwa chombo kuja kumwona binti yake akihitimu. Nilikaa naye karibu kwa sababu nilipangwa upande wa wazazi. Aliniambia: "Nikisikia jina lake nitasimama." Majina yakasomwa, mia kwa mia, mbio mbio, kwa sababu muda umekwenda na mgeni ana safari. Jina la binti likasomwa kwa namna ambayo hata mimi nisingelitambua. Mzee akabaki ameketi, ametega sikio. Kitivo kikaisha, wakaanza kingine. Akanigeukia akaniuliza taratibu, "Mwanangu, wa kwetu hajafuzu?"

Alikuwa amefuzu. Alikuwa amesimama palepale, mstari wa nne, anatazama nyuma amwone baba yake akisimama.

Msoma majina, nakuomba. Orodha utaipata siku tano kabla. Isome kwa sauti nyumbani. Usilolijua, mpigie mwenye jina umuulize. Jina la Kihaya, la Kimasai, la Kihehe, la Kihindi, la Kimakonde, yote yana wenyewe. Yakiwa 900 yasome yote 900 kama yako. Wakikuambia uharakishe, sema mimi nimekukataza. Na ninyi wasimamizi, vigelegele vikipigwa msiwakemee wakina mama. Mtu aliyelipa ada kwa kuuza vitumbua hawezi kufurahi kwa dakika tulizompangia. Subirini sauti ishuke, kisha jina lifuate.

Baada ya majina kuna maneno. Wahitimu watasimama na Mkuu wa Chuo atasema, "Kwa mamlaka niliyopewa." Maneno haya mmeyasikia mara nyingi mpaka hayawagusi tena, lakini yana umri mkubwa. Wenzetu wa Kenya wanaongeza kwamba wanampa mhitimu uwezo wa kusoma na kutenda yote yanayohusu shahada ile. Vijana hucheka: kusoma? Si ndiyo kwanza wamemaliza kusoma? La. Kusoma huko ni kwa maana ya kale. Enzi zile kitabu kilikuwa kimoja, mwalimu alisimama akakisomea darasa. Kusoma kulikuwa kufundisha. Shahada ilikuwa leseni ya kufundisha, na ukiipata chuo kimoja ukaruhusiwa kufundisha popote. Kwa hiyo wanaposimama pale hatuwaambii wapumzike. Tunawaambia sasa ni zamu yao kuusomea umma.

Na mamlaka hayo, kwetu, yana historia ya karibu sana. Mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na Mkuu wake akawa Julius Nyerere. Kwa mara ya kwanza shahada zikawa zetu, si za London. Mwaka 1970 kila nchi ikachukua chake. Ni miaka sitini na kitu tu tangu Mwafrika wa eneo hili asimame nyuma ya siwa akaseme "kwa mamlaka niliyopewa" akiwa na maana ya mamlaka ya watu wake. Sitini na kitu. Wapo wazee hapa mjini waliokuwepo. Ndiyo sababu naumia ninapoona maandamano yanageuka kuwa msururu wa kupiga picha, maprofesa wana simu mikononi, mstari umekatika, siwa imefika jukwaani na Mkuu wa Chuo bado yuko mlangoni anasalimiana. Siwa haiwezi kufika peke yake. Ikifika peke yake haijafika.

Basi mambo machache ya kazi. Mazoezi ni Alhamisi saa kumi jioni, baada ya jua kupungua, na tutatembea njia nzima, siyo nusu. Kila kiongozi wa mstari aje na pini, maana hudi huteleza na wahitimu wengine hawana wa kuwafungia. Ufunguo wa kabati utakuwa na watu wawili, na wote wawili watalala hapa chuoni usiku wa kuamkia siku yenyewe. Hilo sitalijadili.

Sasa binti, njoo mbele. Usiogope. Ishike kwa mikono miwili, wa kulia juu, kichwa cha siwa kielekee bega la kulia. Ni nzito, ndiyo, ni mpingo huo. Usiinamishe shingo. Ukianza kutembea usitazame nyuma kuona kama Mkuu wa Chuo anakuja, wewe sikiliza viatu vyake, utavisikia. Hatua fupi. Wengine simameni, pangeni mstari mbele yake tujaribu hadi pale mlangoni na kurudi. Wadogo kwa cheo mbele, tafadhali. Wewe msoma majina ingia hapa katikati. Haya, mguu wa kushoto.